Ugezi (usawazishaji wa vipimo) wa WM8731: kwa nini kiwango kinasomeka chini kwa karibu desibeli 10?

mwanagenzi_saketi

Ndugu wataalamu, salaam. Ninatengeneza kipimo cha kiwango cha sauti kwa ajili ya chumba cha kurekodia cha chuo chetu, na nimetumia bodi yenye kodeki (chipu inayogeuza sauti kuwa namba) ya WM8731 inayodhibitiwa kwa nyaya za I2C na kutoa sampuli 48,000 kwa sekunde kupitia nyaya za sauti za I2S. Rejista (nafasi ya kuwekea mipangilio ndani ya chipu) ya ukuzaji ya mkondo wa kushoto nimeiwekea 0x17, yaani 0 dB, na umeme wa AVDD, unaolisha sehemu ya analogi ya chipu, nimeupima nikakuta ni volti 3.3. Kwa umeme huo, datashiti inasema chipu hujaa (hufika kikomo chake) inapopokea volti 1 ya RMS, yaani thamani fanisi ya wimbi. Kwa hiyo nilipoingiza wimbi la saini (sine) la 1 kHz lenye nusu volti ya RMS nilitarajia kusoma -6 dBFS (desibeli chini ya kikomo cha kodeki), lakini programu yangu inaonyesha -15.9. Nikipandisha rejista hatua sita, usomaji hupanda kwa karibu 9 dB na pengo linakaribia kuzibika, ila nahisi kwamba ninalifunika kosa badala ya kulipata. Je, kuna rejista ya ugezi nisiyoijua, au chipu imeharibika?

fundi_mawimbi

Chipu yako ni nzima, na rejista unayoitafuta haipo. Hatua za ukuzaji wa laini ni za 1.5 dB kila moja, kwa hiyo hazifai kwa ugezi. Hizo ni za kuchagua upeo wa kipimo tu, kisha marekebisho madogo hufanywa ndani ya programu.

Pengo lako naliona lina sababu mbili zilizojumlishana. Ya kwanza imo katika hesabu: bila shaka unakokotoa RMS ya sampuli na kuigawanya kwa namba kubwa kabisa ambayo sampuli inaweza kuifikia. Wimbi la saini linalogusa kilele hicho lina RMS ya 0.707 tu ya kilele, na ndiyo maana hata kodeki ikijaa kabisa utasoma -3.01. AES17, kanuni ya kimataifa ya kupima vifaa vya sauti vya dijitali, huhesabu wimbi hilo kuwa 0 dBFS, kwa hiyo ongeza 3.01 kwenye matokeo yako.

Sababu ya pili imo kwenye bodi yenyewe. Tazama baina ya tundu la jeki na mguu wa chipu: bodi nyingi hufuata saketi ya mtengenezaji, yenye rezista ya kilo-omu 5.6 iliyo njiani na nyingine kama hiyo inayoshuka ardhini, ili kifaa kinachotoa volti 2 kisiijaze kodeki kupita kiasi. Wengi huhesabu mgawanyo huo kuwa nusu kamili na kuishia hapo. Hata hivyo, ingizo la chipu nalo lina ukinzani wake, ambao kwa kawaida ni kama kilo-omu 30 ukuzaji ukiwa 0 dB, nao umekaa sambamba na ile rezista ya chini. Mgawanyo halisi unakuwa 0.457, sawa na -6.8 dB. Jumlisha: -6.02, -6.8 na -3.01 ni -15.83. Sehemu ndogo iliyobaki inaweza kutokana na rezista zenyewe.

mwanagenzi_saketi

Nashukuru sana, ndugu. Rezista hizo zipo, na nilipopima baada ya mgawanyo nimepata volti 0.23. Je, sasa niandike namba moja ya marekebisho na kuitumia kwa kila kiwango cha ukuzaji?

nyaya_tatu

Naomba kuongezea hapo, kwa sababu nami nilikosea papo hapo. Namba moja haitoshi. Ukinzani wa ingizo hushuka kadiri ukuzaji unavyopanda, na kwenye +12 dB huwa kama kilo-omu 15, hivyo mgawanyo wa rezista hubadilika na ongezeko unalolipata ni kama 11.3 dB badala ya 12. Chagua viwango viwili au vitatu utakavyovitumia kweli, upime kila kimoja, kwa kila mkondo peke yake, kisha uhifadhi jedwali. Mkondo wa kulia una rejista yake, nayo huanza ikiwa imenyamazishwa. Hifadhi pia nakala ya ulichoandika kwenye rejista, kwani za chipu hii huandikwa tu, hazisomeki.

Jambo jingine ni multimita. Nyingi za bei nafuu hazitoi usahihi wa volti za AC zaidi ya 400 Hz, kwa hiyo ile nusu volti yako ya 1 kHz yenyewe ina shaka. Fanya ugezi kwa 200 Hz, tena pima waya ukiwa umechomekwa kwenye bodi, la sivyo utapima volti ambazo bodi haizipati. Baadaye, ukitaka kuhakiki kwa masafa ya juu, tumia 997 Hz: kwa sampuli 48,000, wimbi la 1,000 Hz hurudia sampuli zilezile 48 bila kukoma, na kodeki hujaribiwa kwa namba chache mno.

Kichujio cha kodeki kinachoondoa umeme mnyoofu (DC) kiache kikiwa kimewashwa. Kwa kipimo cha sauti huna sababu ya kukizima.

mwanagenzi_saketi

Nimerudia kwa 200 Hz, nikaongeza 3.01 na kurekebisha mgawanyo: mkondo wa kushoto unasoma -6.1 kwenye 0 dB. Nilipopandisha hadi +12 dB, usomaji ulipanda kwa 11.2 tu, kama alivyosema ndugu nyaya_tatu. Kesho nitapima wa kulia.