Mrejesho: rekodi ya bibi nimeipata

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza nitapataje rekodi ya kuzaliwa ya bibi mzaa mama. Mliniambia niache kung'ang'ania kuzaliwa, nianze na cheti cha kifo nirudi nyuma, na kweli ndo kilichonitoa. Umri pale sikuuamini sana maana aliyeutaja ni mwanawe, sio yeye, ila jina la mume lilikuwepo. Nikahamia rekodi ya ndoa, hapo ndo kuna utajiri jamani: jina la baba yake, kazi ya baba, mashahidi wawili na mmoja ana ubini uleule wa bibi. Kwenye daftari la serikali la vizazi hola, nikapata rekodi yake ya ubatizo FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, bure kabisa, jina limeandikwa herufi moja tofauti ndo maana miaka yote nilikuwa namkosa. Na msiishie kwenye indeksi, yaani ile orodha ya majina ya kutafutia, fungueni picha ya ukurasa wenyewe, mimi pembeni nilikuta padri ameongeza kwa wino mwingine tarehe ya ndoa, inalingana kabisa na ile rekodi ya ndoa. Niliuangalia ule mwandiko mpaka machozi yakanitoka. Asanteni sana, sasa namtafuta yule shahidi.