Sebule tanuri, chumbani friji: hita za suiti zinaendeshwaje?

Wadau habari za saa hizi. Nimehamia suiti ya vyumba viwili, sebuleni kunachoma kama tanuri halafu chumbani nalala na soksi mbili na sweta. Rejeta zote (zile hita za chuma zinazopitisha maji ya moto) nimefungulia mpaka 5, nikizidiwa na joto nafungua dirisha kidogo linakaa hivyo siku nzima. Asubuhi vioo vinatoka jasho mpaka maji yanachuruzika, na ukutani karibu na kitanda naona vidoa vyeusi. Nakosea wapi jamani?

---

Pole dada. Hiyo 5 ndo tuliyoingia nayo mkenge wengi wetu mwaka wa kwanza. Ile namba siyo moto wa jiko kwamba ukizidisha chumba kinawahi kupata joto, ile unaiambia vali (kile kifundo chenye namba kwenye rejeta) isimamie wapi. Ukiweka 3 inajifunga yenyewe chumba kikifika nyuzi 20 hivi, ukiweka 5 itaendelea tu mpaka utoke jasho, na kasi ya kupanda ni ile ile. Weka sebuleni 3, chumbani kati ya 2 na 3, halafu iache, usiichezee kila nusu saa maana inataka masaa kutulia. Kialama cha theluji ni cha kuzuia mabomba yasigande ukisafiri, siyo cha kulalia.

Hilo dirisha la kufungua kidogo siku nzima acha kabisa. Vali ikipigwa na baridi inadhani chumba kizima kimepoa, inafunguka yote, unapasha joto barabara. Funga vali, fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 mpaka 10 asubuhi na jioni, funga, rudisha namba yako. Vidoa ni kuvu na kinacholeta ni unyevu, nguo unazoanika ndani, mvuke wa bafuni, hata pumzi yako usiku. Tafuta kipimo cha unyevu, kibaki kati ya asilimia 40 na 60, na kitanda kisogeze kidogo kutoka ukuta wa nje hewa ipite nyuma.

Sasa hiyo rejeta ya chumbani, ishike juu na chini (polepole usiungue). Ikiwa juu baridi chini moto, kuna hewa ndani, inatolewa kwa kifunguo kidogo pembeni mpaka maji yaanze kutoka, ila kama mfumo ni wa jengo zima mwambie fundi wa jengo maana ukitoa hewa presha inashuka. Ikiwa chini baridi juu moto, basi ni tope ndani, hilo ni la mwenye nyumba siyo lako. Na angalia kama pazia limefunika vali, hapo inapima joto la nyuma ya pazia na kujifunga mapema wewe ukiganda.

---

Naongezea hapo. Dada usije ukakimbilia hita ya umeme ukaichomeka kwenye ekstensheni, zile za wati 2000 zinayeyusha waya, chomeka ukutani moja kwa moja na iwe mbali na shuka angalau mita moja. Pia masaa 5 tu zishakula yuniti 10.

Kwetu hakuna rejeta, kuna kile kisanduku cha feni ukutani, na nilipigana na rimoti mwezi mzima kumbe jengo lina bomba mbili tu, yaani suiti zote zinaletewa maji ya moto au zote ya baridi, na uongozi unageuza mara moja msimu ukibadilika. Kabla hawajageuza unaweza kubonyeza alama ya theluji (kwenye rimoti ni ya kupoza) mpaka kidole kiume, unapulizwa vuguvugu tu. Kwa hiyo uliza kwanza jengo lenu ni la namna gani. Msimu wa joto ukija msirudie kosa lile lile kwa AC, kuweka 16 hakupozi haraka, weka 25, osha chujio, pazia funga asubuhi kabla jua halijapiga kioo, usiku nje kukipoa ndo ufungue madirisha.

---

Asanteni sana kaka zangu. Nimeenda kucheki, ni pazia kweli, zito lile na limeizika vali yote, nimelikunja na kufika saa nne usiku nimevua sweta. Ila chini rejeta bado ya baridi, nimemwandikia mwenye nyumba na picha za vidoa nimeambatanisha.