Mjadala: Historia sekondari, hoja sita au ushahidi?

Walimu na wazazi wa Dodoma, kwa nini mwanafunzi wa kidato cha nne anakutajia hoja sita za kila tukio, lakini ukimuuliza "tumejuaje?" anakutazama tu?

Jibu ninalopewa ofisini ni kwamba mtihani unataka hoja, mada ni nyingi na darasa limejaa, kwa hiyo kuchambua ushahidi kusubiri chuo kikuu. Msongamano naujua. Ila wengi wa watoto hawa hawatafika chuo kikuu, sasa watajifunza lini?

Chukueni Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Mtoto atakwambia sababu ni ukame. Ukame ulikuwepo kweli. Lakini ulitanguliwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na Waingereza walipoiteka Dodoma Julai 1916 nao wakafanya yaleyale. Mpe mwanafunzi maelezo ya ofisa wa kikoloni, kisha masimulizi ambayo mzee wa Kigogo aliachiwa na bibi yake. Nani anasema? Alikuwepo? Alikuwa anamwambia nani, na ana nini cha kuficha? Ofisa ambaye jeshi lake lilibeba nafaka ana kila sababu ya kuitupia mvua lawama. Mzee naye aulizwe, kwa heshima, maana habari ikipita vinywa vitatu hupungua na kuongezeka.

Nimelijaribu hili na kidato cha tatu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni mvua tu, akiba ya maghalani ilikwenda wapi?" Kipindi kizima cha dakika 40 kikaishia kwenye swali hilo, na sijutii hata dakika moja.

Vifaa navyo si kisingizio kwa mkoa huu. Kongwa kuna habari za mashamba ya karanga ya Waingereza, 1947 hadi 1951, na za kambi ya wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika, ya miaka ya 1960. Wazee waliozishuhudia wakiwa watoto bado wapo, ingawa si kwa muda mrefu.

Pendekezo langu: swali moja la insha katika mtihani wa taifa liwe na vyanzo viwili vifupi vinavyopingana, mtahiniwa avipime na kutetea uamuzi wake. Moja tu kwa kuanzia. Mnaosahihisha mitihani, majibu yasiyofanana mtayapangiaje alama kwa haki?