"Idle" si "mvivu"! Nimechoka kutukanwa na programu ya kazini

Wakuu, uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa hasira. Leo naumwaga wote.

Kazini tumewekewa programu inayohesabu muda wetu kwenye kompyuta. Usipogusa kibodi wala kipanya kwa dakika tano, inakuandika "idle". Kwa Kiingereza sikuwahi kulalamika, maana hiyo ni lugha ya kawaida ya mashine: imesubiri, hakuna kilichoingia. Mwezi uliopita wakaigeuza iwe ya Kiswahili. Aliyetafsiri akafungua kamusi, akaona neno la kwanza, akabandika. Ripoti ya wiki ikatoka na jina langu, na mbele yake: "Mvivu: saa 9 dakika 40". Ikasomwa kikaoni, watu wote wapo!

Kazi yangu ni kukagua mikataba. Mkataba wa kurasa 60 nausoma kwenye karatasi, kalamu mkononi, kwa sababu sifuri moja ikikaa vibaya mtu anapoteza mali yake. Hizo saa tisa na ushee ndizo nilizotoa jasho kuliko zote wiki ile. Halafu naambiwa mvivu.

Uvivu ni tabia. Mvivu ni mtu ambaye kazi anayo, nguvu anazo, na hataki. Huwezi kumwita mtu hivyo bila kumhukumu. "Idle" peke yake haigusi habari ya kutaka au kutotaka, inasema tu kwamba kitu hakijashughulishwa kwa wakati huo.

Najua kuna watakaokuja na kamusi. Ni kweli, Mwingereza akisema mtu ni "bone idle" anamaanisha mvivu hadi kwenye mifupa. Hilo silikatai. Ila hapo anamsema mtu, na amekusudia kumlaumu. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya kitu kitupu, kisicho na faida, na utupu huo bado umo. "Idle talk" ni maneno matupu. "Idle threat" ni mkwara usio na kitu nyuma yake. Sasa mkwara nao ni mvivu? Gari limesimama, injini inaunguruma na mafuta yanaungua, hali hiyo nayo wanaiita "idle". Uvivu wa injini uko wapi? Pesa iliyolala, mashine iliyosimama, mtu aliyekaa bure, mtu aliyekaa bwete: Kiswahili kina neno la kila mahali, na mtu analipwa kutafsiri anachukua moja tu, tena lile la matusi!

Waliotafsiri Biblia walilijua hili. Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema mwenye shamba aliwakuta watu sokoni wamesimama "idle". Ya Kiswahili haikuwaita wavivu, ilisema hawakuwa na kazi. Na wale wa mwisho walipoulizwa mbona wamesimama pale mchana kutwa, walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Weka "wavivu" hapo uone: jibu lao linakosa maana na mfano mzima unaharibika. Hao watafsiri walisoma mpaka mwisho wa habari kabla ya kuchagua neno. Huyu wetu hakuuliza hata programu inapima nini.

Na neno la Kigiriki lililoko pale, argos, ndilo lililotoa jina la argoni, gesi iliyotambuliwa mwaka 1894 na kupewa jina hilo kwa sababu haikukubali kuungana na kitu kingine. Muulize fundi wa kuchomelea anaipulizia ya nini kwenye kiungo chenye moto. Ni kwa sababu hiyo hiyo ya kutulia kwake, ili hewa isiharibu chuma. Kutulia ndiyo kazi yake. Na mimi nikiwa nimeinamia karatasi kimya, hiyo ndiyo kazi yangu.

Si neno hilo peke yake. Akaunti iliyo "inactive" wameiandika "haifanyi kazi", wenzangu wawili wakakimbilia mafundi wakidhani imeharibika, kumbe ilikuwa haijatumika tu kwa muda.

Nilimwandikia msimamizi. Akanijibu kuwa hilo ni neno tu, nisilikuze. Neno tu! Limeshaingia kwenye faili langu, na siku ya kupandishwa cheo litasomwa na mtu asiyenijua, asiyejua kwamba kulikuwa na Kiingereza nyuma yake. Ataona "mvivu" na saa zimehesabiwa mpaka dakika, ataamini ni kipimo.

Nataka waandike "kompyuta haikuguswa". Maneno mawili, hayamtukani mtu, na ndicho kitu pekee ambacho programu ile inakijua. Ripoti zilizokwisha kutoka nazo zirekebishwe, na zisomwe kikaoni kama ile ya kwanza ilivyosomwa.

Wenye programu za namna hii kazini kwenu, ibadilisheni lugha iwe ya Kiingereza kwa dakika moja, mlinganishe na mlichoandikiwa, kisha mlete hapa.