Naomba ushauri: Ulaya nzima yanijibu kwa mpigo kwenye CQ WW ya sauti

Pweza_Tudor: Assalam aleikum wana-redio. Nataka kuingia CQ WW ya sauti, lile shindano la dunia la redio za ridhaa, wikendi kamili ya mwisho wa Oktoba. Nina wati 100 na daipoli (antena ya waya) juu ya ghorofa, Tudor, Mombasa. Nikipiga CQ (mwito kwa yeyote) kwenye 21 MHz wanarukia wote pamoja, sipati hata alama moja nzima ya kituo. Niwaite kwa namba iliyo ndani ya alama zao, au niwasikilize masafa mengine? Na nikiwa ndiye ninayemwita mtu, adabu yake ni ipi?

Fundi_wa_Shaba: Waleikum salaam. Namba achana nazo: ukianza na sifuri, mwenye 9 ameshahama. Spliti nayo, yaani kutuma masafa haya na kusikiliza mengine, achana nayo: bendi imejaa pomoni. Ukishika masafa mawili umemnyima mwenzio nafasi.

Shika herufi mbili tatu zozote ulizosikia, uzirudishe pamoja na ripoti papo hapo: "Kilo Lima, 59 37". (59 ni ripoti ya usikivu. 37 ndiyo zoni yetu ya CQ, yaani namba ya eneo letu kwenye shindano. 48 ni ya ITU, isikuponyoke.) Kisha baki na Kilo Lima mpaka umpate. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwenye antena kubwa atakuja juu yake akipiga kelele. Ukimjibu huyo hata mara moja, wote wameona kwamba kelele inalipa, na hutawatuliza tena. Ukikosa kabisa baada ya kuuliza mara mbili, sema wazi umemwacha, uite upya.

Kila ukimaliza na mtu jitaje: "Thank you, Five Zulu Four…" hadi mwisho. Dakika nzima bila alama yako ni kuwafanya watu wakuulize wewe ni nani, na kuuliza huko ni kelele nyingine juu ya msongamano.

Kichujio cha kupokelea kibane hadi 2.1 kHz au 1.8.

Bi_Antena: Upande wa kuita: sikiliza kwanza mzunguko mmoja, umjue ni nani na mwendo wake ukoje. Akinyamaza, taja alama yako nzima mara moja kwa fonetiki za kawaida (Kilo kwa K, Lima kwa L), basi. Akijibu "Kilo Lima" na wewe huna K wala L, nyamaza.

Kaskazi: Herufi mbili za mwisho zatosha, zinaokoa muda.

Bi_Antena: Haziokoi kitu, yakhe. Itabidi akuulize zilizobaki, yaani mizunguko miwili kwa kazi ya mmoja. Kama wote wamekaa pale pale kwa kubofya klasta (orodha ya mtandaoni ya vituo vilivyosikika), sogeza utumaji wako kama 100 Hz juu. Sauti yako itakuwa nyembamba kidogo na itajitenga na rundo.

Na kompresa, ile inayokuza sauti ndogo, usiikaze. Kwa joto letu pangaboi linazunguka mchana kutwa. Kompresa ikizidi, kila ukipumua inalivuta lile pangaboi juu, anayekusikiliza anapata mvumo badala ya kimya. Punguza geni (ukuzaji) ya maiki mpaka mita ya ALC, kidhibiti cha nguvu ya kutuma, iguse tu kwenye vilele vya sauti. Ukipitiliza unamwagikia jirani aliye 3 kHz pembeni, na atakuja kukwambia.

Fundi_wa_Shaba: Kabla ya CQ ya kwanza uliza kama masafa yana mtu, ngoja, uliza tena. Unaweza usimsikie anayetuma ilhali anayemjibu anakusikia wewe vizuri sana. Kwenye 14 MHz kaa kati ya 14.125 na 14.300. Iache 14.230 ya watu wanaotumiana picha kwa redio, na usiisogelee 14.300 yenyewe, ni ya dharura. 10, 18 na 24 MHz hazina shindano.

Mwanzo ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, saa za hapa.

Pweza_Tudor: Shukran sana. Na mtu niliyekwisha kumpata akirudi tena bendi ile ile?

Bi_Antena: Mpe 59 37, andika, songa mbele. Kubishana naye kunakula muda kuliko kumpokea, na pengine kwenye logi yake haumo. Marudio hayakatwi pointi. Alama iliyoandikwa vibaya ndiyo inayokatwa. Bara jingine ni pointi 3, nchi nyingine ya Afrika 1. Mkenya mwenzio ni sifuri lakini usimkatae, maana nchi na zoni yake zinaingia kwenye kizidisho cha kila bendi, ile hesabu ya nchi na zoni inayozidishwa na pointi zako. Logi ya Cabrillo (muundo wa faili la shindano) itumwe ndani ya siku 5 baada ya shindano kwisha.