Muvi za madude makubwa: zinajaza kibanda umiza, mbona hazitishi?

MwanaShangani:
Wakuu salaam. Tuko kikundi hapa Mtwara mjini, tunaandaa filamu fupi ya dakika 12: dude linatoka baharini upande wa Mikindani usiku, linaingia mitaani. Urefu wake tumeupanga mita 45. Vifaa ni simu mbili zinazopiga fremu 120 kwa sekunde, kompyuta ya kawaida na maboksi ya kutosha. Kabla hatujaanza tunaomba kueleweshwa. Muvi za aina hii zinajaza benchi kuliko hata za ngumi, lakini dude likishatokea lote, watu wanaanza kucheka na kushika simu. Shida ni picha mbovu za kompyuta au kuna kingine? Sisi tukwepe nini?

KoroshoNyeupe:
Mkuu, picha mbovu ni sehemu ndogo tu. Ukubwa ndio unaoleta watu mlangoni, na ukubwa huohuo ndio unaoua hofu. Mtu anaogopa kitu kinachoweza kumwona, kumfuata na kumla. Dude la mita 100 halijui hata kama upo. Likikukanyaga hiyo ni ajali ya barabarani. Simba begani hafiki mita moja na nusu, lakini muulize mtu wa vijiji vya Lindi anaogopa nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu 1990, na pwani hii ya kusini ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Simba anamfuata mtu kwenye dungu anapolinda mazao dhidi ya nguruwe. Ana shida na mtu huyo, usiku huo. Dude lenu lipeni shida ya namna hiyo.

Jambo la pili ni kuficha. Jaws ya 1975, muvi ya papa mla watu, inasifiwa kwa hilo, ila haikupangwa hivyo: papa wa mashine waliotengenezwa walikuwa wakiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Spielberg akabaki kupiga maji, maboya na nyuso za watu. Zaidi ya saa moja inapita kabla papa hajaonekana vizuri. Lakini msichukue nusu ya somo. Kule kila dakika kuna dalili mpya: gati linang'olewa, maboya yanazama. Kuficha bila dalili ni kumchosha mtazamaji, na ndiyo lawama iliyoiandama Godzilla ya Marekani ya 2014, ambapo dude lenyewe linaonekana dakika chache tu.

Halafu binadamu. Kwenye nyingi ya muvi hizi steringi hana kazi zaidi ya kutazama juu mdomo wazi, na pembeni yake yupo mwanasayansi wa kueleza kila kitu. Katika dakika 12 hamna nafasi ya huyo mwanasayansi. Mfuteni leo.

Nahodha wa Ruvuma:
Sikubaliani na kuficha kama sheria. The Host ya Korea Kusini, 2006, inalitoa dude mchana kweupe kando ya mto ndani ya robo saa ya kwanza, na bado watu wanatoka jasho. Kwa nini? Kwa sababu lina ukubwa wa gari tu, linakimbia katikati ya watu, na linambeba msichana ambaye familia yake itamtafuta hadi mwisho.

Kwa hiyo mimi ningepunguza hizo mita 45. Kipimo kipo hapahapa kwetu. Tendaguru, bara ya mji wa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, kuanzia 1909 hadi 1913, na mjusi mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin ana mita 13 na kidogo. Yule alikuwa mla majani, lakini ukubwa wake anafika dirisha la ghorofa ya nne na bado anaweza kuinama akuchungulie mlangoni. Hapo ndipo hofu ilipo.

Na kumbukeni kibanda chenyewe: muvi nyingi zinakuja na sauti ya mtafsiri anayeongea mfululizo. Ule ukimya uliowekwa kabla dude halijatokea unafunikwa wote. Watu wanacheka kwa sababu mtafsiri amekwisha kuwaambia kinachokuja.

FundiMaboksi:
Nije kwenye ufundi, maana hapo ndipo filamu za bei ndogo zinapoanguka: uzito hauonekani.

Mnyama akikuzwa mara 10 kwa urefu, uzito unapanda mara 1,000 lakini eneo la mkato wa mfupa, yaani nguvu yake ya kubeba, linapanda mara 100 tu. Kwa hiyo dude refu lenye miguu membamba macho yanalikataa hata kama mtu hajui sababu. Miguu iwe minene, ya kusimama wima chini ya mwili. Pia mwendo: muda wa hatua unakua kwa kipeuo cha pili cha ukubwa. Mtu anapiga hatua kwa karibu nusu sekunde. Umbo lake likikuzwa mara 25, hatua ni sekunde mbili na nusu. Dude la mita 45 likipiga hatua kwa nusu sekunde, hata kompyuta ya bei gani haiwezi kuliokoa.

Hesabu hiyohiyo inatumika kwa mji wa maboksi. Godzilla ya kwanza ya 1954 ilikuwa dude la mita 50, mtu ndani ya vazi zito, na majengo ya kipimo cha 1/25, yaani yaliyopunguzwa mara 25. Kipeuo cha 25 ni 5, filamu ya kawaida ni fremu 24 kwa sekunde, na 24 mara 5 ni fremu 120, yaani simu zenu zinatosha. Angalizo: simu nyingi zikicheza taratibu zinacheza kwa fremu 30, mnapata mara nne tu. Kwenye kuhariri wekeni taimlaini (mstari wa kupangia vipande) ya fremu 24 na kasi ya asilimia 20.

Kwa 1/25, nyumba ya mita 3 ni sentimita 12, mlango wa mita 2 ni sentimita 8, mnazi wa mita 20 ni sentimita 80. Dude la mita 13 ni kikaragosi cha sentimita 52, mnaweza kulishika kwa mkono kutoka chini ya meza. Mkibaki na mita 45, mtu avae vazi. Mji ni uleule. Bati litoke kwenye foili iliyokandamizwa juu ya kitana. Vumbi liwe majivu yaliyochekechwa mara mbili. Msitumie mchanga: chembe ya milimita 1 itaonekana kokoto la sentimita 2.5.

Kamera ikae sentimita 6 au 7 kutoka ardhi ya mji, ndiyo macho ya mtu aliyesimama mtaani. Mkiipandisha juu mmeshatengeneza video ya vinyago.

Msipige ndani kwa taa za umeme. Taa nyingi zinafifia mara 100 kwa sekunde, na kwenye fremu 120 mtaona mistari inapita. Pigeni nje juani, mpunguze mwanga kwenye simu na mvute rangi kuelekea bluu. Anga lisiingie kwenye fremu hata kidogo, ndilo linaloumbua usiku wa uongo. Na wekeni mwanga mmoja ndani ya picha, moto au taa ya gari, dude lipite mbele yake. Kibanda kinachoingiza jua kupitia nyufa za makuti, usiku mweusi tupu hauonekani kabisa.

MwanaShangani:
Asanteni sana wakuu. Tumeshuka hadi mita 13. Je, lile la kutoka baharini? Beseni kubwa lipo.

FundiMaboksi:
Beseni liacheni. Matone ya maji hayapungui: tone la milimita 3 kwenye kipimo chenu ni bonge la sentimita 7 na nusu. Pigeni bahari yenyewe, Mikindani jioni upepo ukitulia. Mtumbwi uliofungwa uvutwe kwa kamba chini ya maji, dhidi ya mkondo. Maboya ya nyavu yazame moja moja, ya mbali kwanza. Dude lionekane likiwa nchi kavu tayari.

Sabufa Tupu:
Sauti msiiache mwishoni. Mngurumo wa Godzilla wa 1954, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo Akira Ifukube aliupata kwa glovu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari, akiisugua kwenye uzi uliolegezwa wa fidla kubwa ya besi. Ninyi rekodini ubao mkavu ukiburutwa kwenye sakafu ya saruji, punguzeni kasi nusu, sauti inashuka oktavu nzima. Rudieni mara ya pili kama bado ni nyembamba.

Tatizo ni kwamba wengi wataitazama kwenye simu, na spika ya simu haitoi besi. Wekeni tabaka mbili: ya chini kwa ajili ya sabufa, na juu yake mkwaruzo wa sauti ya kati ambao simu inaweza kuutoa. Kishindo cha mguu nacho kije baada ya picha ya mguu kutua, si pamoja nayo: sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo dude likiwa umbali wa mita 170 mnachelewesha fremu 12. Wahariri wengi wanavilinganisha, na dude linarudi kuwa dogo.