Apu za kupiga picha jani zinawahi ugonjwa kweli?

nyanya_shambani: Wakuu habari zenu. Msimu uliopita ugonjwa wa bakajani chelewa (late blight) ulinimalizia nyanya kabla sijajua nashika wapi. Nikajaribu apu moja ya simu, jani lilelile asubuhi ikasema bakajani chelewa, mchana ikasema bakajani tangulia (early blight), ugonjwa mwingine kabisa, sasa niamini lipi? Na je kuna teknolojia inayouona ugonjwa kabla mimi sijauona? Miche iko kitaluni, naomba majibu mapema.

mdau_wa_picha: Pole sana mkuu. Shida ni picha zilizoifundisha apu. Kuna utafiti wa 2016 walitumia picha zaidi ya 54,000 wakapata usahihi wa zaidi ya asilimia 99, ila majani yalikuwa yamechumwa na kupigwa moja moja juu ya kitu cha rangi moja, walipoleta picha za kwingine usahihi ukaporomoka hadi kama asilimia 31. Shambani kuna jua kali, vivuli, majani yamelaliana. Piga kivulini, jani moja lijae kwenye skrini, na upige mimea kadhaa, sio mmoja.

kagua_kila_siku: Swali la pili ndo lenyewe. Kamera ya simu inaona kile unachokiona wewe, na doa likitokea ujue kimelea kimeshakaa ndani ya jani siku kadhaa. Wakulima wa viazi Uingereza hawasubiri doa, wana kanuni inaitwa Hutton: siku mbili mfululizo joto lisishuke chini ya nyuzi 10 na kila siku unyevu hewani ufike asilimia 90 kwa saa 6 au zaidi, hapo wanajua hatari imeingia. Ugonjwa wanaouvizia ni bakajani chelewa, uleule unaokula nyanya. Mimi ningeanza na kipima joto na unyevu, apu baadaye.

mhogo_tu: Kweli kabisa, na kwenye mhogo ni hatari zaidi, ugonjwa wa michirizi kahawia unaweza kuozesha mizizi huku majani hayaonyeshi kitu, hapo upige picha mpaka uchoke. Inabidi kipimo cha vinasaba, kuna kinaitwa LAMP, sampuli inapashwa kwenye joto moja la nyuzi kama 65 na jibu linatoka ndani ya saa moja hivi.

nyanya_shambani: Asanteni sana, nimeelewa nilikosea wapi. Hicho kipima nikitundike juu au chini?

kagua_kila_siku: Usawa wa majani yenyewe, katikati ya shamba, na ukikinge jua lisikipige moja kwa moja.